Kidole Kilichochelewa

Sheria ilikuwa wazi: bendi ikitimiza miaka ishirini, mikono ya wapigaji inanakiliwa kwenye mashine inayoendelea kupiga badala yao, nao hawaruhusiwi kugusa ala tena, wasije wakajighushi. Sengondo alikuwa mpiga kinanda wa Vumbi la Sahani, bendi ya muziki wa soul wa kizamani isiyo na mwimbaji. Tangu astaafishwe, bendi yake imetoa albamu tisa, naye hajagusa kinanda hata kwa bahati mbaya.

Ya kumi ilikuwa ikilia redioni jikoni asubuhi moja, mkewe Mwanahawa akichambua mchele. Sengondo alitega sikio akiingoja noti ya tatu ya wimbo, ile ya kidole chake cha mwisho. Kidole hicho kiliwahi kubanwa na mlango, kwa hiyo noti hiyo ilichelewa kila mara. Zamani mkewe alimtambua redioni kwa hilo tu.

"Huyo mume wangu huyo, anachechemea!" alizoea kucheka.

Leo noti ilifika kwa wakati.

Sengondo akaanza kuupiga wimbo juu ya meza kwa vidole vitupu, na kidole kikachelewa kama kawaida yake.

Mwanahawa akaushika mkono ule, kwa upole kabisa, akautuliza.

"Baba Mbonea," alisema, "usiwaharibie wimbo wao."