Kidude Chini ya Usukani

Nilikiona pale stesheni ya Soga, nilipoinama kuokota funguo: kidude cheusi kimechomekwa chini ya usukani, kinawaka taa ya kijani.

Miaka sita mimi ni dereva wa Mama Kwandu, halafu leo ananifungia kifaa cha kunifuatilia! Nikakichomoa, nikakitia mfukoni, nikaendesha kwa hasira hadi kwake Magindu.

"Shikamoo, Mama. Funguo zako hizi. Na kidude chako hiki. Mimi si mwizi."

Hakuitikia. Alikichukua, akakigeuza kiganjani.

"Si ulisema hili gari likishika mwendo, injini inazima nusu ya silinda ili kubana mafuta, linatetemeka, mgongo unakuuma? Fundi wa Mlandizi alikifunga Ijumaa, ukiwa msikitini. Kinazuia silinda zisizimwe." Akanitazama. "Wiki hii umelalamika?"

Sikulalamika hata siku moja. Nilidhani ni dawa za hospitali zimenituliza.

"Na leo, kutoka Soga?"

Mgongo ulikuwa unawaka moto.

Akanirudishia kidude, bado kina joto la mfuko wangu. Nikakipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba," akasema.