Sauti ya Zuwena Jikoni

Siku hizo majiko yote yalizungumza, lakini jiko la Hamdani lilizungumza kwa sauti ya marehemu mkewe, Zuwena, aliyelichokonoa programu mwenyewe kabla hajafa mpaka likaiga hata pumzi zake. Biubwa, mke mpya, alijitahidi kuvumilia. Ila kila jioni Hamdani alipoingia, jiko lilimtangulia Biubwa kumkaribisha: “Karibu, mume wangu. Chai nimeshaitia iliki.” Naye Hamdani akalitazama jiko, akatabasamu. Biubwa hakuwahi kupewa tabasamu lile.

“Mke mwenza jiko! Wapi na wapi?” akafoka siku moja peke yake. Akabonyeza kitufe cha nyuma mpaka taa zikazimika, akalirudishia programu yake ya kiwandani.

Jioni jiko likasema, “Karibu, mteja.”

Biubwa akangoja kugombezwa. Hamdani akavuta kiti, akaanza kulifundisha. “Sema, ‘Karibu, mume wangu.’ Taratibu.”

“Samahani, mteja. Sauti za marehemu haziruhusiwi.”

Hamdani akageuza kiti, akamtazama Biubwa kwa tabasamu lile lile.

“Haya, mke wangu,” akasema kwa upole. “Hebu sema wewe. Taratibu.”