Kizazi cha Leka

Mwiba wa samaki ulimkwama Petrit kooni, naye akaumeza hivyo hivyo, machozi yakimlengalenga. Kukohoa wakati mzee Ndue anawazungumzia Wailiria, wale mababu wa kale wa Waalbania, kungeweza kudhaniwa ni kupinga, na Petrit hakusafiri kutoka Tirana mpaka milima hii ya juu ya Shkodra ili aje kupinga. Alikuja kumposa Drande, binti pekee wa mzee.

Drande alikuwa amemwonya mapema. Mposaji aliyemtangulia, mwalimu wa lugha kutoka kusini, aliketi kwenye kiti hiki hiki akala samaki wa ziwa hili hili, kisha akajitia kueleza kwamba Waalbania huenda walitoka mashariki, kwa Wathrakia. Eti majina mengi ya samaki wameyaazima kwa majirani, na watu waliokaa pwani tangu enzi na enzi wangekosaje jina la kitoweo chao? Mgeni hafukuzwi katika nyumba ya Ndue, lakini mwalimu yule aliletewa kahawa pamoja na koti lake.

"Baba akisema Wailiria, na wewe sema Wailiria," Drande alimwambia Petrit njiani. "Basi. Usitie chumvi."

Ukimuuliza pembeni, Petrit angekuambia kwamba hakuna ajuaye kwa hakika Waalbania walitoka wapi, na kwamba wataalamu wenyewe bado wanavutana mashati. Lakini kila alipomwona Drande akipita mlangoni na sahani, alikuwa tayari kuapa kwamba Waalbania waliota ardhini kama uyoga.

"Warumi walikuja," mzee alisema, akimmiminia raki, pombe kali ya kwao. "Tulikuwepo?"

"Tulikuwepo, mzee."

"Waslavi wakaja. Tulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Na Waturuki?"

"Waturuki walitukuta mezani, mzee. Tukawaambia wasubiri tumalize kula."

Mzee Ndue alicheka mpaka akajipigapiga goti. Mkewe, mama Dila, akamwongezea mgeni kipande kingine cha samaki, na Petrit akahisi mambo yanamnyookea.

Baada ya kumaliza habari za taifa, mzee akahamia kwenye ukoo. Bonde lote lile, alisema, ni uzao wa mtu mmoja, Pal Kuka. Ukibisha hodi mlango wowote utafunguliwa na mjukuu wake, ndiyo maana hata wake zao, Dila akiwemo, imebidi waletwe kutoka ng'ambo ya mto. Pal alizaa wana wawili. Mkubwa alibaki, akalijaza bonde. Mdogo, Leka, aliua mtu katika mambo ya visasi, akakimbia, na mpaka leo hakuna aliyejua kizazi chake kiliishia wapi. Mzee alisimulia hayo kwa uchungu, utadhani Leka aliondoka wiki iliyopita.

"Na wewe, kijana? Watu wako ni wa wapi?"

Babu yake Petrit alikuwa fundi cherehani wa Tirana, na habari za kabla ya babu hakuna mtu nyumbani kwao aliyezijua. Alipoanza tu kusema hivyo, aliona nyusi za mzee zinakunjamana, na macho yake yanazunguka upande wa msumari lilipotundikwa koti la mgeni. Pengine mzee alikuwa anaitafuta chupa, lakini Petrit aliliona koti tu, na hofu ya kumkosa Drande ikamfungua mdomo.

"Zamani sana, mzee, watu wetu walitoka milima hii. Tuliambiwa kwamba babu yetu wa kwanza alikimbia kisasi. Jina lake lilikuwa Leka."

Mlangoni, Drande aliangusha trei nzima ya vikombe. Mama Dila alimkanyaga Petrit mguu chini ya meza, akamkanyaga tena. Petrit aliyachukua yote hayo kuwa furaha, akatabasamu kwa kila mmoja.

Mzee Ndue alikuwa ameweka glasi yake chini. "Leka wa Pal Kuka?"

"Huyo huyo, mzee."

"Besa?" mzee akauliza polepole.

Ni kiapo kisichorudishwa. Mtu akishakitoa katika milima hii, hata nyumba yake ikiungua hakitengui.

"Baba, ngoja kidogo," Drande alisema kutoka mlangoni.

"Nyamaza, mwanangu. Wanaume wanazungumza."

Petrit alijua anadanganya. Lakini alikuwa ameshafika mbali mno, na alimpenda binti yule kupita kiasi. Akaweka kiganja kifuani. "Besa."

Mzee Ndue akalia waziwazi, bila aibu. Alimkumbatia Petrit, akafungua dirisha na kuwaita majirani kwa majina, na muda si mrefu chumba kikajaa wanaume wa bonde, kila mmoja akimbusu mgeni mashavuni na kumkagua pua kuona kama ni ya kwao. Wakakubaliana kwamba ni ya kwao kabisa. Raki ikamiminwa kwa wote. Petrit aliona sasa ndio wakati.

"Mzee," alisema, "unajua mimi nimekuja kwa ajili ya Drande."

"Najua, mwanangu. Na nilikuwa tayari kukupa tangu ulipowataja Waturuki." Mzee alijifuta machozi kwa mkono wa shati, akageukia mlangoni. "Drande, njoo umsalimu kaka yako. Na wewe, Petrit, kuanzia leo atakayekuja kumposa dada yako atapita kwako kwanza."