Zamu ya Kushika Kamba

Almut alilikagua fundo la Eckart mara mbili. Hakutaka mtu huyu afe kabla ya wakati wake.

"Liko sawa," akamwambia.

"Haya, shika," Eckart akajibu, akaugusa mwamba kwa kiganja na kuanza kupanda.

Mwamba wa Kunguru ulisimama peke yake msituni, mrefu kuliko mnara wa kanisa la mjini, na ukutani mwake kulikuwa na pete mbili tu za chuma za kupitishia kamba. Ukishaipita pete, uhai wako uko mikononi mwa aliyebaki chini. Jost, kaka yake Almut, alianguka hapa hapa akafa. Aliyekuwa chini ameshika kamba siku ile ni Eckart.

Wakati huo Almut alikuwa bado mtoto wa shule. Mama yao, aliyekuwa akiuza kahawa na keki kwenye kibanda kilicho chini ya miamba, ndiye aliyefika wa kwanza. Aliibeba kamba ile mpaka nyumbani akaitia kwenye jiko la kuni, akisema macho yake hayawezi kuiona tena. Eckart mwenyewe aliwaambia polisi kwamba mkono ulimteleza. Eti kuteleza. Mama akamchukua Almut wakahamia Hamburg, na kila mwaka siku ya msiba ikifika alimkumbusha jina la mtu aliyeiachia kamba. Almut alilikariri jina hilo kama watoto wengine wanavyokariri sala.

Jana alimpata kirahisi kuliko alivyodhani. Eckart alikuwa mbele ya lango la mji, mwavuli mwekundu juu, akiwakusanya watalii wa kuwatembeza. Almut akajiunga nao. Wakaonyeshwa ukumbi wa baraza, nyumba za mbao zilizopinda migongo kwa uzee, na kisima cha ngome, ambamo Eckart alimwaga kikombe cha maji na kuwanyamazisha watu wasikilize yakifika. Akawasimulia kisa cha meya wa zamani aliyewatoza faini bata bukini kwa kupiga kelele wakati wa ibada. Watalii wakacheka mpaka wakashika mbavu. Almut damu ilimchemka. Jost yuko kaburini, huyu anachekesha watu.

Mama mmoja mwenye duka la keki pembeni ya uwanja alimwonya bila kuulizwa. "Huyo akuonyeshe majumba tu, dada. Kamba usimpe. Hapa mjini hakuna anayepanda naye, na hata mbwa wake anamfuata kwa mashaka."

Lakini Almut hakutaka kumpa kamba. Alitaka kuishika yeye. Matembezi yalipokwisha alimfuata, akajitaja kwa jina la uongo, akamwomba wapande Mwamba wa Kunguru, Eckart atangulie. Eckart alimtazama kitambo. Akasema hajapanda na mtu siku nyingi. Kisha akakubali, na usiku ule Almut akalala usingizi mnono ambao hakuwa ameupata tangu utotoni.

Asubuhi, walipokuwa wakikatiza msituni kwenda mwambani, Eckart hakufanya mzaha hata mmoja. Alimwuliza mambo ya kawaida ya njiani: anafanya kazi gani, ana watoto, wazazi wake bado wapo. Almut akajibu kwamba amemzika mama yake mwaka huu, miti ilipokuwa inaanza kuchipua. Eckart akampa pole, akatangulia njiani mpaka walipofika.

Sasa alikuwa amekwisha kuipita pete ya kwanza. Kwenye pete ya pili mwamba ulitokeza tumbo, akapotea machoni. Kamba ikasimama kidogo, halafu ikaanza tena kwenda juu. Alipoonekana tena alikuwa ameshikilia kwa ncha za vidole, pale pale Jost alipokuwa alipoanguka.

Maneno yake Almut alikuwa ameyapanga tangu akiwa msichana. Kufa tu hakutoshi. Alitaka mtu huyu aogope kwanza, ajue ni nani yuko chini.

"Eckart," akaita. "Mimi ni Almut. Dada yake Jost."

Akafungua mikono yote miwili. Kamba ikalala juu ya majani makavu. Akangoja alie, aombe, apapase ukuta akitafuta pa kushika. Alikuwa na chuki ya kutosha kumtazama mpaka mwisho, wala hakuona haya.

Eckart hakutetemeka. "Nilikujua tangu pale langoni," alisema kutoka juu. "Umefanana naye mpaka mwendo. Nilimwapia mama yenu kwamba sitafungua mdomo maadamu yu hai. Haya, vuta kamba."

Mikono ya Almut ikatii kabla ya akili yake. Alivuta akitegemea uzito wa mtu, na uzito haukuwepo. Kamba ilikuja yote, nyepesi, ikateleza kwenye pete ya juu, ikateleza kwenye ya chini, ikamwangukia miguuni. Ncha yake ilikuwa nzima. Fundo lilikuwa limefunguliwa kwa mkono.

"Hivyo hivyo," Eckart akasema, "ndivyo ilivyoniangukia ya Jost."