Kidole cha Fundi

"Bonyeza 'Pokea', mzee," Munirah alisema.

Fundi wa mageti, pale kwake Katwe, akabonyeza kwenye simu yake, ndani ya programu tuliyomtengenezea. Kidole gumba chake, kipana, chenye makovu ya cheche, kikafunika vitufe viwili, 'Pokea' na 'Futa'. Oda ikafutika.

"Nimekosea mimi," akasema, akikipangusa kwenye suruali.

Wiki nzima mimi na Munirah tulikuwa tumegombania rangi ya vitufe hivyo, hadi tukaacha kunywa chai pamoja.

"Hapana, mzee, ni sisi," nikasema, nikafungua daftari. "Weka kidole hapa."

Munirah akakizungushia kalamu, polepole.

"Kitufe kiwe hivi," nikasema.

"Hivi hivi!" Munirah akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Tukauinamia mchoro, tukipanga, tukisahau kila kitu.

"Wanangu," fundi akauliza, "sasa naweza kukitoa?"