Runinga ya Bwenini

Siku hizi runinga za bwenini ndizo zinazowatazama wanafunzi. Ukigeuza macho mara tatu wakati wa hotuba za wakubwa, unanyang'anywa chumba na chuo ndiyo basi. Binti yangu Semeni alikuwa ameshageuza mara mbili.

Nilimpelekea khanga ya marehemu mama yake, maana hao wakubwa walimnyima ruhusa ya kuja kuzika.

"Shikamoo baba," alisema, macho kwenye kioo cha runinga, hotuba ikiendelea.

"Marahaba. Hata mimi hunitazami?"

"Mzee wangu, usimponze mwenzio," akacheka Tausi, mwenzake wa chumbani. "Mimi jana chafya tu imenihesabia moja!"

Nikakaa nyuma ya Semeni, nikamfunika khanga mabegani. Akainusa. Mabega yakatikisika, shingo haikugeuka. Wamemfundisha mwanangu kulia bila kufumba macho, Mungu anawaona.

Mara picha ikaingia giza kidogo. Nikauona uso wake kwenye kioo, naye akauona wangu. Akatabasamu, mama yake mtupu.

Tausi akaacha kucheka.

"Semeni," runinga ikauliza kwa upole, "unamtazama nani?"