Kipimo cha Gicheru

Injini ilipiga kelele kama nguruwe anayeshikwa, na Ndwiga akajua kwamba propela imetoka majini tena.

Upepo wa mchana ulikuwa umelivuruga bwawa la Masinga. Mawimbi yalikuja mafupi mafupi, yamefuatana, hayampi mtu nafasi ya kupumua. Ndwiga alipunguza mwendo, akaielekeza pua ya mashua kwenye upepo, mshazari kidogo, ili mawimbi yasimpige ubavuni. Hayo aliyajua. Lakini usukani una faida gani kama propela inasaga hewa? Kila mkia wa mashua ulipoinuka, injini ililia, nguvu ikaisha, na pua ikaanza kugeuka yenyewe.

Akasogeza magunia ya samaki nyuma ili mkia uzame. Propela ikashika maji, naye akamshukuru Mungu mapema mno. Wimbi lililofuata liliingia kwa nyuma na kumfika magotini.

Basi akafanya lililobaki. Akawamwaga samaki wote, akazima injini, akashika kasia na kuiacha mashua ifuate upepo. Alikuwa amekua akichunga mbuzi kwenye nchi kavu ya Mbeere, kuogelea hakujui. Alilia, mtu mzima na ndevu zake.

Ufukweni, Gicheru alikuwa amesimama kwenye maji hadi kiunoni, mikono mbele, akimwita. Asubuhi ile, siku ya kwanza ya injini mpya, tumbo lilimkamata na akabaki nchi kavu. Sasa aliivuta mashua peke yake mpaka mchangani.

Wawili hawa walijuana wakibeba zege bwawa lilipojengwa. Lilipojaa, wakaunda mashua, wazee wakawacheka, ati wanaume wazima wanavua nyoka wa majini. Walipiga kasia hadi viganja vikawa kama kwato. Mwishowe Gicheru akauza mpunga wake wa Mwea, Ndwiga akauza mbuzi wote aliorithi kwa baba yake, wakaamua kununua injini. Gicheru ndiye aliyetumwa Nyeri, kwa kuwa aliwahi kuendesha trekta na injini anaziongelesha kama ng'ombe wake.

Alikwenda na kamba ya katani yenye fundo. Kwao ndivyo mzazi anavyonunua viatu: hupima mguu wa mtoto kwa uzi nyumbani, mtoto akabaki, uzi ukaenda mjini. Fundi Kingori, muuzaji, alitaka kujua jambo moja tu, kimo cha ubao wa nyuma wa mashua. Injini za maji huja na mguu mrefu au mguu mfupi, na mguu lazima upite chini ya ubao ndipo propela ishike maji. Alipima kwa kamba ile, akatoa ya mguu mfupi, kisha akaifunga kamba kwenye mpini wa injini, asije akalaumiwa baadaye.

Ndwiga aliifungua kamba hiyo na kuishusha kwenye ubao wa mashua yao. Fundo lilikomea juu, shubiri nzima kabla ya kufika chini.

"Gicheru, hii kamba ulipima wapi?"

Gicheru aliinamisha kichwa. "Nilipima boti ikiwa imelala hapa kwa mchanga. Kumbe mkia ilikuwa imezama. Kosa ni yangu, ndugu yangu. Ungekufa leo, ningeambia watoto wako nini?"

Machozi yakamtoka. Ndwiga alikuwa amejiandaa kumtukana, akajikuta anamfariji.

"Tumrudishie Kingori."

"Hawezi kuchukua. Imeshaonja maji." Gicheru alichora mchanga kwa kidole. "Wacha hasara ikuwe yangu. Wewe baki na boti na nyavu. Mimi nibebe hii takataka, niuze vipuri pole pole. Hata hivyo maji nimeogopa kabisa."

Ndwiga alikataa, akabembelezwa, akakubali. Jioni alimwambia mkewe kwamba rafiki wa namna hiyo hazaliwi tena.

Akarudi kwenye kasia peke yake. Samaki walikuwa mbali, katikati ya bwawa, na mikono yake haikufika huko. Alirudi na visamaki vidogo, mnunuzi wa Embu akavitazama na kupanda gari lake. Nyumbani watoto waliuliza mbuzi watarudi lini. Hata hivyo hakumwonea Gicheru kinyongo. Alimwonea huruma.

Siku moja, akitoa maji mashuani kwa kopo, aliiona spana ya plagi chini ya kiti. Akafikiri, masikini, ataifunguaje ile injini bila spana yake? Akaifunga kwa kitambaa, akakaza kwa ile kamba ya katani, akapanda baiskeli hadi Mwea.

Kabura, mke wa Gicheru, alimpokea mlangoni bila kumkaribisha. "Baba Murugi, si ungetuma mtu? Mwenyewe ameenda Kenol kutafuta lori."

"Nimeleta spana yake. Injini iko wapi niiweke hapo, isipotee?"

"Niachie tu mimi."

"Si kazi," alisema Ndwiga, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye ghala la mpunga.

"Usiingie huko," Kabura alimfuata akisema, "kuna kuku ameatamia."

Kweli alikuwapo, ameatamia kwenye pua ya mashua ndogo iliyopandishwa juu ya magogo, lami yake imekauka zamani, makapi ya mavuno yaliyopita yameilalia.

Ndwiga aliifungua kamba kwenye spana, akaishika juu ya ubao wa nyuma, akaiachia ining'inie. Fundo likatua sawasawa kwenye ukingo wa chini.